Nyongeza Haitoki Langoni

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, Reine alisimama mbele ya meza ya mboga kwenye uwanja wa shule moja ya Kilburn, akichagua viazi. Alikigeuza kila kiazi mara mbili, kama mtu anayetafuta mahali uongo ulipojificha. Soko la wakulima lilikuwa pale kila Jumapili, wanafunzi wakiwa makwao. Kulikuwa na wauza jibini, wauza mayai, mzee mmoja wa asali, na mbwa wengi kuliko watoto. Bei hazikuwa za mtu kama Reine, lakini soko lile lilikuwa limekubali kadi, na Reine alikuwa mtu wa kadi.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili ikielekea ukingoni. Reine, mzaliwa wa Uvira, alikuwa ameomba ukimbizi akakataliwa, na kwa kuwa hakukuwa na njia ya kumrudisha, ofisi ya uhamiaji ya Waingereza ikampa chumba Kilburn na kadi ya chakula. Kadi haikutoa pesa taslimu. Haikulipa basi wala treni. Maduka makubwa yaliyoipokea yalikuwa mbali kwa miguu, hasa miguu iliyoanza kuvimba. Kwa hiyo soko la wakulima lilipotangaza kwamba nalo litaipokea kwa majaribio, wenye kadi walikuja, wakasimama pembeni kwanza kuona kama ni mtego.

Kwenye meza ndogo karibu na lango alikaa Rasik, mzee wa Rayners Lane aliyezaliwa Kisumu, mwenye chupa yake ya chai na mashine ya kadi yenye antena. Ulimpa kadi, akaipitisha, mashine ikalia, naye akakuhesabia vibao vya mbao. Kwa vibao hivyo ulinunua. Rasik alikuwa mtu mpole, na Reine hakumwamini hata kidogo. Tusimlaumu. Alikuwa amehojiwa miaka na watu ambao kila alilosema waliliona ni uongo, na ule ugonjwa ulikuwa umemwambukiza.

Muuza mboga aliitwa Dinah. Alikuwa Mkenya wa Karatina, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, aliyeajiriwa na mkulima mzungu ambaye yeye mwenyewe hakuonekana sokoni. Alikaa mtaa wa Edmonton, upande mwingine wa jiji, na wanawe wakubwa walimjibu kwa Kiingereza hata akiwagombeza kwa Kiswahili. Alipima viazi vya Reine, akaongeza vitunguu na fungu la majani aliyoyaita sukuma, akapokea vibao, akamkabidhi mfuko.

Reine hakuondoka. "Na matabishi?" aliuliza.

Kwao Uvira matabishi ni kile kidogo anachokutupia muuzaji juu ya ulichonunua: nyanya moja, kitunguu, konzi ya dagaa, ili urudi kwako ukiwa na uso mzuri. Mteja asiyedai matabishi ni mgeni au ana kiburi. Karatina nako desturi ni hiyohiyo, ila huiita nyongeza. Neno la matabishi Dinah hakuwahi kulisikia maishani. Alichosikia yeye ni matapishi.

Akamtazama Reine usoni, akaona midomo iliyokauka na macho yaliyoingia ndani. Akavuta ndoo kutoka chini ya meza, akaizunguka meza, akamshika mgongo. "Tapika tu, mami, usione haya," alisema. "Hata mimi ya kwanza ilinitesa hivi hivi. Ni miezi mingapi?"

Reine akaganda. Ujauzito ule hakuwa amemwambia mtu. Baba wa mtoto alikuwa amepakiwa kwenye ndege kabla hata ya kujua, na tangu hapo Reine alivaa makoti mapana. "Nani alikuambia?" aliuliza.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo Telesphor, mtu wa Bukavu waliyesali naye kanisa moja, msafishaji wa maofisi mwenye karatasi zake na mshahara wake. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama, haumwi," alimwambia Dinah. "Anaomba umuongezee."

"Woi! Nyongeza!" Dinah akapiga makofi, akacheka hadi machozi, akachagua nyanya kubwa kuliko zote na kuitia kwenye mfuko wa Reine. Ndoo ikarudi chini ya meza. Reine peke yake hakucheka. Mtu anayejua mimba ya mwenzake bila kuambiwa, alijisemea, anajua na mengine.

Alipofika langoni, mfuko ukatikisika. Nyanya ikapanda juu ya viazi, ikaruka chini, ikaanza kubingirika kurudi ilikotoka. Ilipita kati ya miguu ya watu bila haraka. Bibi mmoja mzungu alifupisha kamba ya mbwa wake ili ipite. Mzee wa asali aliinua mguu. Nyanya ikapanda mguu wa meza ya Dinah, ikatafuta nafasi yake kwenye safu, ikatulia. Dinah alikuwa amegeuka akifungua kreti. Reine alimwangalia kwa mbali kwa muda. Anajifanya haoni, aliamua.

Jumapili iliyofuata alipewa kitunguu. Alikifunga kwenye ncha ya kitenge fundo juu ya fundo, na pale langoni mafundo yakafunguka yenyewe, la mwisho likiwa la kwanza, kitunguu kikashuka na kwenda zake. Baadaye akapewa karoti, akaisokomeza ndani ya sidiria. Ilitoka kwa adabu, ikateleza juu ya tumbo lililokuwa sasa halifichiki, ikaanguka. Alivyonunua kwa vibao havikusogea. Na alichoongezewa Telesphor, aliyelipa pesa taslimu, kilikaa kwenye mfuko wake mpaka nyumbani.

Hilo lilimchoma zaidi. Siku moja alimwomba Telesphor ambebee nyongeza yake hadi nje. Telesphor akatoka nayo vizuri, wakatembea mpaka kituo cha basi, akampa Reine mkononi. Nyanya ikaruka, ikavuka barabara gari zikiwa zimesimama, ikaingia sokoni. "Ah," Telesphor alisema, "ni yake kweli." Reine akaanza kumshuku na Telesphor.

Kumbe na Dinah alikuwa na lake moyoni. Kila Jumapili alipokusanya vitu alikuta juu ya meza kitu kile kile alichomchagulia yule dada Mkongomani, kimechubuka kidogo. Alivumilia, akachoka. Jumapili moja alimkazia macho. "Niambie ukweli," alisema. "Nakupa kitu kwa roho safi, unakirudisha kinyemela kama umepewa mavi ya kuku. Kwani unafikiri nakuroga?"

"Sirudishe kitu," Reine akajibu. "Inarudi yenyewe. Ni weye unaziita."

"Mimi? Niite nyanya?"

"Unatoa mbele ya watu, halafu unavuta nyuma ya watu. Niliona."

Sauti zikapanda. Mwishowe Rasik akafunga chupa yake ya chai, akanyanyuka, akaja mpaka pale. "Mama zangu, msigombane," alisema. "Ni mashine."

Akawaeleza kama mtu anayeeleza mahali choo kilipo. Ofisi ilitaka kujua kila kitu anachokipata mwenye kadi. Alichonunua, mashine ilikijua. Alichopewa bure, haikukijua. "Sasa kitu ambacho ofisi haikijui," Rasik alisema, "kitatokaje?"

"Na wewe umekaa kimya wakati huu wote?" Dinah aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza. Niliwapigia simu siku ya kwanza tu. Wakasema mfumo unafanya kazi yake vizuri. Zawadi ni kipato."

"Nyanya moja ni kipato?"

Rasik akafikiri. "Kubwa kama zile unazotoa wewe, ndiyo."

Dinah alikasirika mpaka shingo ikavimba. Mama yake alikuwa ameuza mboga Karatina maisha yake yote, na hakuna mteja aliyetoka kwake bila nyongeza, hata wale wa mkopo. Leo mashine yenye antena imfundishe yeye ubahili? Akatoa kisu, akakata nyanya vipande, akanyunyiza chumvi, akamsogezea Reine kiti. "Kula hapa hapa," alisema. "Tuone itatolea wapi."

Reine alikula. Alikuwa na njaa ya watu wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kutia kitu mdomoni bila kukinusa kwanza. Alifurahi, na furaha ile ilimtisha. Alipofika langoni tumbo likapinduka. Vipande vikatoka kama vilivyoingia, cha mwisho kwanza, na chumvi yake, vikapanga mstari kurudi mezani. Dinah alikuja mbio na ndoo, akamfuta mdomo kwa aproni. Safari hii hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria neno.

Tangu siku hiyo wakawa marafiki, kwa kadiri Reine alivyoweza kuwa rafiki wa mtu. Dinah aliendelea kumpa nyongeza kila Jumapili kwa sababu mkono wake haukujua kufanya vingine, na nyongeza iliendelea kurudi. Watu wa soko walizoea kuangalia chini wanapotembea.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akaitwa Fortunat. Reine alimtazama na kuona kwamba huyu hakuna ofisi iliyompa, hakuna aliyemhurumia ndipo akampata. Alimpenda kwa woga, kama mtu aliyeshika kitu cha wizi. Akapiga simu ofisini kuwaarifu. Wakampongeza. Wakasema mtoto ataingizwa kwenye kadi baada ya kuhakikiwa, na mpaka hapo kadi itaendelea kusomeka mtu mmoja.

Alipoanza kuishiwa chakula hakuwa na pengine pa kwenda. Aliwaza sana usiku kucha juu ya lile lango, akajipa moyo: mtoto hakutoka mezani kwa mtu, ametoka kwangu. Akamfunga mgongoni kwa kitenge, akashika njia ya sokoni.

Dinah alipowaona alipiga kigelegele kilichowanyanyua mbwa masikio. "Leta, leta huyo kijana hapa!" Akampokea juu ya meza, akamnusa shingo, akamrusharusha, akaacha foleni isubiri. Reine alilipa vibao, akapokea mfuko wake wa viazi na majani, macho hayabanduki kwa mtoto. Dinah akambusu paji la uso, akamrudisha kwa mama yake juu ya meza ile ile, kupitia juu ya karoti na kabeji, kwa mkono ule ule. Na kwa kuwa alifurahi, na kwa kuwa kinywa kile hakikuwahi kufungwa breki, akasema, "Haya, shika. Leo nyongeza yako ndiyo hii."

Pale langoni mashine ikalia. Rasik akainua kichwa.

Reine alikuwa amelisikia neno. Alimfunga mtoto kwa nguvu, akakaza, akatembea kuelekea langoni polepole. Kitenge kikalegea. Fortunat akashuka mgongoni kwa mama yake kama anayeshuka ngazi, akafika chini, akaenda kati ya miguu ya watu, uso juu, ametulia kabisa. Mzee wa asali akainua mguu. Mtoto akapanda meza, akalala kati ya bitiruti na kabeji, akaanza kunyonya ngumi.

Reine alirudi akamchukua, akajaribu tena. Alijaribu akiwa amemkumbatia kifuani, alijaribu mbio, alijaribu kinyumenyume. Akapiga kelele. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, yeye ambaye hakuwahi kulia hata kwenye mahojiano, na waliomhoji wakasema kutolia kwake ni dalili kwamba anadanganya.

"Nimelifuta!" Dinah alimlilia Rasik. "Lile neno nimelifuta, lilikuwa utani tu!"

"Mashine hii haina kufuta," Rasik alisema.

Reine akambwagia kadi mezani. "Basi mupige mutoto kwa mashini. Namununua. Kata yote yenye iko mule."

Rasik alijitahidi kweli. Alitafuta upande wa mboga, wa mayai, hata wa vitu vinginevyo. Uso ulimshuka. "Hana bei, mama," alisema. "Kisicho na bei hakinunuliki kwa kadi."

Saa ya kufunga ikafika. Mlinzi wa shule akaja na funguo. Meza zikakunjwa, na Dinah, asiyejua afanye nini kingine, akamlaza mtoto kwenye kreti tupu juu ya kitenge cha mama yake, akaliweka kwenye kiti cha mbele cha gari lake. Wakatoka langoni bila shida yoyote, kwa kuwa Dinah hakuwa na kadi. Reine alikimbia kando ya gari akipiga dirisha. "Ulisema makusudi!" alipiga kelele. "Ulimutaka tangu siku ya ndoo!"

Dinah alisimamisha gari, akaapa kwa Mungu, kwa mama yake, kwa wanawe. Akamwambia waende wote Edmonton. Lakini asiyelala kwenye chumba alichopangiwa hupoteza chumba na kadi, na asiye na chumba mtoto atahakikiwa wapi? Reine akabaki kando ya barabara na mfuko wa viazi, maziwa yakimlowanisha.

Ofisi ilimtuma mama mmoja kuja kuhakiki. Alikuwa na adabu. Alitazama chini ya kitanda, akafungua kabati, akauliza mtoto yuko wapi.

"Edmonton. Kwa mama wa kuuzisha mboga."

"Kwa nini?"

"Langoni hatoki."

Yule mama hakushangaa. Alisema hiyo ni kawaida kwa masoko ya majaribio, lakini kazi yake yeye ni kuona kama mtoto anaishi hapa, na hapa hakuna mtoto. Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba wapo watu wanaotaja watoto wasio nao ili kadi zao ziongezwe. Kadi ikabaki ya mtu mmoja. Mtoto hakuweza kutoka kwa sababu hakuwa kwenye kadi, na hakuweza kuingia kwenye kadi kwa sababu hakuwa ametoka. Reine aliielewa hiyo vizuri kabisa, na haikumsaidia.

Kwa hiyo wakawa wanaonana Jumapili tu, kwa kuwa kadi haikulipa nauli ya Edmonton. Reine alikuwa wa kwanza langoni, akakaa nyuma ya meza ya Dinah, akanyonyesha mpaka saa ya kufunga. Alimkagua mtoto kucha, masikio, mapaja. Alinusa nywele zake, akakuta sabuni asiyoijua. Alitafuta kosa, na alichokuta ni kwamba Dinah anamtunza vizuri. Hilo lilimuuma kuliko ambavyo kosa lingemuuma. Mtoto akajifunza kuketi kati ya makreti, kisha kusimama ameshika mguu wa meza, kisha kutembea. Dinah alimfundisha kumwita yeye shosho, kama bibi anavyoitwa kwao Karatina, na Reine amwite mama. Shosho alilishika. Kwa Reine alikuwa anatabasamu, kama alivyowatabasamia wateja wote.

Jumapili moja mashine ilikuwa mbovu. Rasik alikuwa ameifungua mgongo, nyaya ziko nje, akiwaomba radhi wenye kadi waliokuwa wakirudi makwao na mifuko mitupu. Reine naye hakupata vibao. Alimaliza kuhuzunika kwanza, ndipo akaelewa. Akamtazama Dinah. Dinah naye alikuwa ameshaelewa.

Alimfunga mtoto mgongoni mwa Reine yeye mwenyewe. Hakumbusu. Safari hii kinywa chake kilisema maneno mawili tu: "Nenda. Usigeuke."

Reine akatembea. Alipofika langoni akasita, akingoja kitenge kilegee. Hakikulegea. Akavuka. Akapita kwenye vizuizi vya barabara, akapita kituo cha basi, kitenge kimekaza, uzito wa mtoto uko pale pale mgongoni. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na mtu aliyekuwa kituoni alisogea kumpisha.

Mtoto alikuwa akijipindapinda, anataka kushuka. Reine akamfungua, akamweka chini, akachuchumaa ili watazamane usoni kwa mara ya kwanza nje ya lile lango. "Fortunat," alisema. "Ni miye. Tunaenda kwetu."

Mtoto alimtazama vizuri, kama unavyomtazama mtu aliyekuuliza njia. Kisha akageuka, akaanza kurudi. Hakubingirika. Alitembea kwa miguu yake, akiyumba kidogo, mkono mmoja ukigusa ukuta, akapita kituo cha basi, akaingia langoni, akaita, "Shosho!"

Reine alibaki amechuchumaa palepale. Alikodoa macho kutazama kama kuna kitu kinachomvuta, uzi, au upepo, au mkono wa mtu. Hakukuwa na kinachomvuta.